Somo la Miamba Lianzie Miguuni pa Mtoto

Ziko mada ambazo shule zetu huzipitia kwa haraka mno, kama msafiri apitaye kijiji asichokusudia kulala. Mojawapo ni mada ya miamba. Mwalimu huandika ubaoni majina matatu: miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu. Wanafunzi huyanakili, huyakariri kwa sauti moja, huyaandika tena siku ya mtihani, kisha huyasahau. Mtoto aliyepata alama zote katika swali hilo hutoka nje akaketi juu ya jiwe chini ya mwembe. Ukimwuliza jiwe alilolikalia ni la aina ipi kati ya zile tatu alizozitaja punde hivi, hubaki akikutazama.

Mtoto huyo si mjinga. Aliulizwa majina, naye akayatoa. Hakuna aliyemwonyesha kwamba majina yale yanahusu jiwe lile.

Hoja ya makala haya ni moja tu, nayo inaelekezwa kwa walimu na kwa watumishi wenzao wa umma. Somo la miamba lianze na jiwe lililo miguuni pa mtoto. Lishikwe, likwaruzwe, lilinganishwe na jingine, ndipo jina liandikwe ubaoni. Hatusemi hivyo kwa sababu njia hiyo inapendeza watoto, ingawa inawapendeza. Tunasema hivyo kwa sababu taifa lisilojua mawe yake hulipa gharama. Hulipa kwa meno ya watoto wake, kwa mapafu ya vijana wake, na kwa mali inayopita mikononi mwa wananchi bila kutambuliwa.

AINA ZOTE TATU ZIMO NCHINI

Tuanze na miamba ya moto. Hii ni miamba iliyotokana na uji wa moto ulioko ndani ya ardhi, ambao wataalamu huuita magma, ukapoa na kuganda. Uji huo ukipolea chini sana, polepole, kwa muda mrefu, chembe zake hupata nafasi ya kukua hata zikaonekana kwa macho. Hayo ndiyo matale, ambayo wengi siku hizi huyaita granaiti: yale majabali yaliyopandana mjini Mwanza, likiwamo Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani. Majabali hayo ni sehemu ya kiini cha kale cha bara letu, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Mwalimu wa Mwanza, Shinyanga, Singida au Dodoma hahitaji picha ya kitabuni ili kuwaonyesha watoto granaiti. Anahitaji kufungua mlango wa darasa.

Uji huo ukitoka nje na kupoa upesi, chembe hukosa muda wa kukua. Jiwe huwa la rangi nzito, laini machoni, na mara nyingine lenye matundu yaliyoachwa na gesi. Hilo ndilo jiwe la Kilimanjaro, la Meru na la Rungwe, na udongo uliotokana nalo ndio unaostawisha migomba na mibuni ya huko. Tena tunao mlima wa Ol Doinyo Lengai, ambao kati ya milima yote ya volkano iliyo hai duniani ndio pekee unaojulikana kutoa uji wenye asili ya kaboneti. Uji wa basalti huzidi nyuzi 1,000 za joto, bali ule wa Lengai huwa kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Hutoka ukiwa mweusi, kisha ukikutana na unyevu hugeuka mweupe. Wataalamu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuutazama mlima ambao mtoto wa Ngare Sero huuona kila asubuhi aendapo shule.

Miamba tabaka imetokana na mchanga, tope, au mabaki ya viumbe, vilivyorundikana tabaka juu ya tabaka na kushikamana. Mtu wa pwani amelelewa juu yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani makazi ya wadudu wa baharini yaliyogeuka jiwe, yakaungwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1966, chakula chake ni jiwe la chokaa lililo chini ya kilima hicho. Makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka yamo katika miamba tabaka pia.

Wala hatuwezi kuitaja miamba tabaka tukaacha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimbua humo mifupa iliyogeuka jiwe ya mijusi wakubwa walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilipelekwa Ujerumani, baada ya kubebwa na wapagazi wetu hadi bandari ya Lindi. Mjusi mmojawapo, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin. Yasiyosemwa mara nyingi ni kwamba mamia ya wafanyakazi wenyeji ndio walioyasoma matabaka yale siku hadi siku, wakajua wapi pa kuchimba na namna ya kuutoa mfupa usivunjike. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 aina moja ya mijusi wa Tendaguru ilipewa na wanasayansi jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Tumezoea kuulizana mjusi yule atarudi lini, na swali hilo ni halali. Lakini liko swali la pili ambalo halihitaji mazungumzo na nchi yoyote: je, mtoto wa Lindi wa leo anafundishwa kuyasoma matabaka aliyoyasoma Boheti?

Aina ya tatu ni miamba geu. Hii ilikuwa ya moto au tabaka, ikazama chini, ikakandamizwa na kupikwa kwa joto kali bila kuyeyuka yote, ikatoka na sura nyingine. Jiwe la chokaa hugeuka marumaru, kama yale ya Morogoro. Milima ya Uluguru, Usambara na Pare imejengwa kwa sehemu kubwa na miamba ya namna hii, yenye michirizi myeupe na myeusi iliyopinda kama unga uliokandwa. Katika miamba kama hiyo, huko Mirerani wilayani Simanjiro, pamoja na madini meusi ya kinywe, ndimo ilimofichwa tanzanaiti.

Inafaa kukumbuka kwamba tanzanaiti ilianza kujulikana mwaka 1967. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, ambao pamoja na mambo mengine ulilalamikia mazoea ya kuhesabu kuwa elimu ni ile tu iliyomo vitabuni, na kuudharau ujuzi wa wazee na wa wakulima wa mahali. Mwaka 2018 Serikali ilimtambua rasmi Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wa jiwe hilo, akapewa shilingi milioni 100. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 50. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho sehemu kubwa ya tanzanaiti iliyochimbwa nchini ilikatwa na kung'arishwa Jaipur, India, ambako watu walikuwa na ujuzi wa mawe na viwanda vyake, ingawa ardhi yao haina hata chembe moja ya jiwe hilo.

KUTOJUA KUNA GHARAMA YAKE

Yuko atakayesema kwamba habari za mawe ni anasa kwa mtoto wa kijijini. Na tutazame basi anasa hiyo inavyoingia katika maisha yake.

Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara wako watoto wengi wenye meno ya kahawia. Baadhi ya wakubwa wao hawakuishia kwenye meno, bali mifupa nayo imepinda. Mtoto huyo hana kosa, wala si kwamba hapigi mswaki. Maji anayokunywa yamepita katika miamba ya volkano na kuchukua humo madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja, lakini visima na chemchemi kadhaa za huko huvuka kikomo hicho mara nyingi. Magadi yanayotumika kulainishia maharage na makande huweza kuongeza dozi hiyo. Ipo njia ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa, ambayo imeshughulikiwa na watafiti wetu huko Ngurdoto. Sasa, mzazi aliyefundishwa utotoni kwamba maji hubeba tabia ya jiwe yanamopita, ataelewa upesi kwa nini kisima kimoja kinafaa na cha jirani hakifai. Asiyefundishwa atayaona maji meupe, atayasifu, na atamnywesha mwanawe.

Tuje kwenye vijana wa machimboni. Mwamba mgumu wenye chembe za kwatzi ukitobolewa mkavu hutoa vumbi laini lisiloonekana vizuri kwa macho. Vumbi hilo hukaa katika mapafu, huyakausha, na huyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Kutoboa kwa kumwagia maji hupunguza vumbi hilo kwa kiasi kikubwa. Kijana aliyewahi shuleni kuzitenga chembe za granaiti, akaijua kwatzi kwa ugumu wake, haoni ajabu akiambiwa kwamba vumbi lake hukata kama kioo. Kijana asiyejua huona kitambaa cha pua kuwa ni woga.

Tukumbuke pia tarehe 3 Desemba 2023, pale Katesh, chini ya mlima Hanang. Tope, mawe na magogo viliushukia mji, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikaachia na kuporomoka. Hanang ni mlima wa volkano. Hatudai kwamba somo la darasani lingeizuia mvua ile. Tunadai kwamba watu wanaoishi chini ya milima wanastahili kujua tangu utoto kwamba milima haifanani. Kwamba mmoja ni jabali gumu na mwingine una majivu na mawe yaliyolegea. Na kwamba ufa mpya mlimani au kijito kilichobadilika rangi ghafla ni habari ya kupelekwa kwa viongozi siku ile ile.

Na mali je? Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti yenye uzito wa karibu kilo 15 kwa jumla, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Katika mambo aliyosema anataka kuyafanya kwa fedha zile lilikuwamo la kujenga shule. Tangu mwaka 2019 yameanzishwa masoko ya madini katika mikoa, ili mwananchi apime na kuuza hadharani. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini soko humfaa yule anayelifikia akijua alichobeba. Anayeokota jiwe asilolijua bado atamwuzia mpita njia wa kwanza kwa bei ya chakula cha mchana.

MAABARA ISIYOHITAJI BAJETI

Mwalimu atauliza, na ana haki ya kuuliza: nitafundishaje hayo yote katika darasa la watoto wengi, sina maabara, sina vifaa? Jibu ni kwamba katika mada zote za sayansi, hii ndiyo ambayo vifaa vyake vimetapakaa njiani.

Siku ya kwanza kila mtoto alete jiwe moja la ukubwa wa ngumi aliloliokota njiani. Wakatazwe tu kuchukua mawe makaburini, mahali pa ibada na matambiko, na penye kumbukumbu za taifa kama Olduvai na Laetoli. Na wasikaribie kabisa kingo za machimbo. Mawe yakishawekwa mezani, mwalimu asitaje jina lolote. Awaambie watoto wayapange makundi wao wenyewe, na kila kundi litoe sababu. Watapanga kwa rangi, kisha wataona rangi inadanganya. Watapanga kwa uzito, kwa ukubwa wa chembe, kwa matundu, kwa mistari. Katika ubishi huo tayari wanafanya kazi ya mwanajiolojia.

Siku ya pili yafanywe majaribio ya ugumu. Ukucha wa kidole utalikwaruza jiwe la jasi. Msumari utaikwaruza chokaa na marumaru. Kwatzi haitakubali, msumari wenyewe ndio utakaoacha alama yake juu ya jiwe. Kisha ichukuliwe ndimu. Jiwe likunwe kwanza lipate unga kidogo, na unga huo udondoshewe maji ya ndimu. Tumbawe litatoa povu. Granaiti haitatoa. Marumaru, ambayo kwa macho haifanani na tumbawe hata kidogo, nayo itatoa povu. Hapo mwalimu asimame na awaulize watoto: vipi mawe haya mawili yawe na tabia moja? Mtoto atakayejibu kwamba huenda moja limetokana na jingine ameielewa miamba geu kuliko aliyekariri maana yake kwa mwaka mzima.

Siku ya tatu waonyeshwe namna kila aina inavyozaliwa. Kwa miamba ya moto, yachukuliwe maji yaliyokolea chumvi. Sehemu moja ichemshwe jikoni ikauke upesi, nyingine iachwe kivulini siku nyingi. Ya jikoni itaacha unga, ya kivulini itaacha chembe kubwa. Hivyo ndivyo basalti na granaiti zinavyotofautiana, kwa haraka au polepole. Kwa miamba tabaka, chupa ijazwe maji, changarawe, mchanga na udongo, itikiswe, iachwe itulie hadi kesho. Kwa miamba geu, zitumike tofali mbili za udongo mmoja, moja mbichi na moja iliyochomwa katika tanuri, zilowekwe pamoja. Mbichi itayeyuka, iliyochomwa itabaki. Udongo ni ule ule, moto ndio umeubadili tabia. Katika kijiji kinachofinyanga vyungu, mama mfinyanzi anaweza kualikwa aeleze jambo hili kwa maneno yake, na hapana shaka ataeleza vizuri kuliko kitabu.

Hata mvua ikinyesha na watoto wakashindwa kutoka, somo haliharibiki. Chaki iliyo mkononi mwa mwalimu mara nyingi ni jasi, jiwe la miamba tabaka, linalochimbwa hapa nchini sehemu kama Makanya na Itigi. Vibao walivyoandikia wazee wetu kabla ya madaftari kuenea vilikuwa vya mwamba geu, tope la kale lililokandamizwa likagawanyika bapa bapa. Na lile jiwe jepesi lenye matundu, ambalo kina mama hulinunua sokoni kwa kusugulia visigino, limetoka katika moto wa volkano. Aina zote tatu zimeingia darasani bila mtu kuandika barua ya kuomba fedha.

Jambo la lugha nalo lisipuuzwe. Watoto huja shuleni na majina ya mawe kutoka kwao: jiwe la kusagia, kinoo, mawe ya mafiga, mawe ya kujengea msingi. Mama anayechagua mafiga anajua kwamba jiwe fulani hupasuka motoni na jingine huvumilia. Huo ni ujuzi wa miamba. Mwalimu autumie kama ngazi, ajue jamii ile inaliitaje jiwe na inalitumiaje, ndipo alete jina la kitaalamu. Jina geni likipandwa juu ya ujuzi wa zamani hushika mizizi.

Mwishowe kila shule iwe na sanduku la mawe. Kila jiwe libandikwe karatasi yenye jina lake, mahali lilipookotwa na tarehe. Shule ya Mwanza ipeleke vipande vya granaiti kwa shule ya Tanga, Tanga nayo irudishe mawe ya chokaa. Moshi itoe jiwe la volkano, Morogoro itoe marumaru. Walimu wa Mbozi wana la ziada, kwa kuwa kimondo chao ni bonge la chuma lililotoka angani na halimo katika aina yoyote ya zile tatu. Kwa gharama ya nauli ya kifurushi katika basi, watoto wataijua nchi yao kwa kuishika.

WAJIBU WA WATUMISHI WA UMMA

Itakuwa si haki kumtwika mwalimu mzigo huu peke yake. Katika kila wilaya wako watumishi wa umma wanaoshughulika na miamba kila siku, na ambao hawajawahi kuulizwa na shule yoyote wanachokijua.

Fundi wa RUWASA anapochimba kisima kirefu, vipande vya mwamba hutolewa na kupangwa chini kila baada ya mita kadhaa, ili ajue amefika wapi. Kazi ikiisha, vipande hivyo hutupwa. Vikitiwa katika mifuko na kuandikwa kina chake, shule ya jirani itapata picha ya ardhi yake kutoka juu hadi kwenye maji. Mhandisi wa TARURA au TANROADS anapokata kilima kupitisha barabara, huacha ukuta ambao matabaka yake yanaonekana wazi; saa moja ya muda wake na wanafunzi, mahali palipo salama, itatosha. Ofisi za madini za mikoa zina watu waliosomea mawe. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, iliyoko Dodoma, ina ramani za miamba ya nchi nzima. Nakala ya ukurasa mmoja tu, unaoonyesha wilaya husika, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, ingefanya kazi kubwa.

Wathibiti ubora wa shule nao wabadili wanachotafuta. Wakikuta darasa tupu na watoto wako nje wamezunguka rundo la mawe, wasiandike kwamba mwalimu hafundishi. Na watungaji wa mitihani ndio wenye ufunguo. Maadamu swali ni lile la kutaja aina tatu za miamba, mwalimu atafundisha kutaja. Siku mtihani utakapomwuliza mtoto, "Umepewa jiwe jeupe linalokwaruzwa na msumari na linalotoa povu likitiwa ndimu; eleza huenda ni jiwe gani na kwa nini", siku hiyo madarasa yote yatatoka nje.

Wako pia wanaosema kwamba dunia sasa ni ya kompyuta na simu, na kwamba kurudi kwenye mawe ni kurudi nyuma. Hawajafungua simu yao wakaona kilichomo. Betri ya simu, na ya gari linalotumia umeme, ina kinywe, madini yale yale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa katika miamba geu. Hizo kompyuta zenyewe zimetoka machimboni. Swali lililobaki ni nani atakuwa na ujuzi wake: ni yule mwenye ardhi, au ni mgeni atakayekuja na ramani?

Wahenga walisema, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kuinama kwenyewe hakuhitaji sera mpya wala kamati. Muhula ujao, mada hii itakapofika, mwalimu asianze kwa kuandika ubaoni. Awatoe watoto nje, kila mmoja aokote jiwe lake, na ndimu chache ziwe tayari mezani. Na afisa wa wilaya anayesoma makala haya atafute simu ya shule iliyo karibu na kisima kinachochimbwa wiki hii, awaambie walimu waje na mifuko.